Msimtoe Bibi Harusi Kwenye Kemia



Leo hatuna habari ya mishono wala bei za lesi. Tuna neno ambalo tumelinyamazia miaka mingi kwa sababu kunyamaza kwenyewe kunatuingizia riziki. Neno hilo ni harusi inayopangwa katikati ya masomo ya mtoto wa kike, na khasa yule aliye mwaka wa kwanza chuo kikuu, semista ya pili, anayesoma kemia. Msimamo wetu tunautoa mapema, asiyeutaka asipoteze muda wake. Tarehe ya harusi isiwekwe kabla bibi harusi hajaulizwa mitihani yake ni lini. Na akisema semista hii ana kemia, basi kinachosogezwa ni ukumbi, kemia ibaki pale pale.

Tunajua mtauliza, mafundi wa magauni na kemia wapi na wapi? Ni kweli. Sisi tunaoandika hapa ni wawili, umri thelathini na kidogo, skuli tuliishia kidato cha nne, tukasoma ushoni, mengine yote tumefunzwa na duka. Kemia tulipata F, sote wawili. Kidato cha tatu tulikaa muhula mzima bila ya mwalimu wa somo hilo. Alikuwa anakuja dada mmoja wa kidato cha nne kutuandikia ubaoni kutoka kwenye daftari lake, nasi tunanakili mpaka makosa yake. Kwa hiyo akiingia dukani binti anayesomea ualimu wa sayansi, sisi hatumtazami kama mteja tu. Tunamtazama kama yule mwalimu ambaye hatukumpata.

Kwanza tueleze kwa nini tatizo hili limekuja sasa na halikuwapo zamani. Mfungo Mosi ndio mwezi wetu wa harusi. Watu wametoka kwenye Ramadhani, jamaa wa Pemba, wa Dar na wa Maskati wamekuja kula sikukuu, basi wanaoza kabisa. Hapana ubaya, na Bi Aisha (r.a.) mwenyewe imepokewa kwamba aliolewa mwezi wa Shawwal. Lakini mwaka wetu wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko huu wa ofisini, kwa hiyo miezi yake inazunguka. Mwaka 2013 Idi el-Fitri ilikuwa Agosti, vyuo vingi vimefungwa, bibi harusi yuko nyumbani hana la kufanya. Mwaka 2025 Idi ilikuwa mwisho wa Machi. Hapo semista ya pili ndiyo kwanza imeshika moto. Wazee hawakufanya kosa lolote jipya, wanaoza mwezi ule ule waliozoea. Kalenda ndiyo iliyohama, na hakuna aliyewaambia.

Sasa huyo mdogo wetu. Jina hatulitaji, na yeye ametupa ruhusa tuseme mengine. Alikuja kupimwa akiwa na mamaake, shangazi na binamu wawili. Kila tukimwambia nyoosha mkono, mkono una daftari. Ukumbi ulikwishalipiwa nusu, na Jumamosi ya ukumbi ilikuwa siku nane kabla ya UE ya kemia. Siku nane hizo, ukizipiga hesabu ya kikwetu, ni singo, hina, kupeleka begi, nikahi, ukumbi, kisha fungate. Tulimuuliza utasoma saa ngapi? Akajibu bila ya kutuangalia, "Kemia nitaiacha, dada. Nitaifanya mwakani." Shangazi akadakia kuwa mke mwema hatafutwi kwa kemia. Tukacheka. Ndiyo, na sisi tulicheka, maana shangazi ndiye aliyekuwa analipa.

Hilo la "mwakani" lina mtego ambao mtu wa nje haujui. Somo la semista ya pili kwa kawaida hufundishwa semista ya pili tu. Ukilikosa unangoja mwaka mzima lizunguke. Wakati huo masomo ya mwaka wa pili yanayosimama juu yake yanakupita au unayasoma huku huna msingi. Ukifeli kuna sapu. Ukifeli sapu unakeri. Ukilundika nyingi, unadisko. Maneno haya wanafunzi wanayataja kwa utani, lakini sisi tuna mteja wa miaka mitatu nyuma ambaye naye alisema mwakani. Gauni lake lilikuwa zuri kuliko yote tuliyoshona mwaka ule, mkia wa mita mbili, shanga tulizitia kwa mkono usiku na mchana. Picha yake bado tunayo ukutani. Mwakani ilipofika alikuwa na mimba ya miezi saba, mwaka uliofuata ana mtoto na mama mkwe mgonjwa. Hakurudi. Ana furaha zake, alhamdulillahi, na mume wake ni mtu mzuri. Lakini akija dukani kuleta sare ya mtoto, hapendi kuitazama ile picha, na sisi tumeanza kufikiri kuiondoa.

Turudi kwa huyu wa daftari. Alikuwa akija kujaribu gauni na kukaa kitako tukimsubirisha, maana mafundi ni mafundi. Akisubiri anasoma kwa sauti ya chini. Siku moja msichana wetu wa ovaloki akamuuliza hiyo msawazo ndiyo nini. Alivyomjibu hatujasahau. Alisema, chukua boti za Dar na Unguja. Kama kwa siku watu 500 wanapanda Malindi na watu 500 wanashuka Malindi, idadi ya watu wa Unguja haibadiliki. Mtu aliye mbali atadhani boti zimelala, kumbe zinakwenda na kurudi bila kusita. Na wala haina maana kuwa Dar na Unguja zina watu sawa. Sawa ni ile kasi ya kwenda na kurudi. Kisha akamtaja Mfaransa mmoja, Le Chatelier, aliyesema mwaka 1884 kwamba mmenyuko uliokwishatulia hivyo, ukiusukuma upande mmoja, wenyewe hujirudisha kwa kupunguza ule msukumo. Msichana wa ovaloki akasema, "Kumbe ndiyo hiyo tu?" Siye wawili tukaangaliana. Kidato cha tatu hakuna aliyetuambia boti.

Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini semista ya pili ndiyo yenye uzito. Kwa maelezo yake, semista ya kwanza unajifunza vitu ni nini: atomu, moli, namna zinavyoshikana. Ya pili unajifunza vitu vinafanya nini: vinakwenda kasi gani, vinasimama wapi, nini ni asidi na nini ni alkali, elektroni zinatoka kwa nani zinakwenda kwa nani. Ni ngumu, hatudanganyi mtu. Kuna hesabu za logi, na ile namba ya pH ina ujanja wake, kila ukishuka hatua moja asidi imezidi mara kumi. Kuna titresheni maabara, unadondosha alkali tone kwa tone mpaka maji yageuke waridi hafifu na yabakie hivyo. Tone likizidi yanakuwa waridi la kupiga kelele, unamwaga, unaanza upya. Mambo ya maabara hayaazimwi kwenye daftari la shoga yako. Usipokuwapo, hukuwapo. Ni sawa na kukata kitambaa: unaweza kuangalia video mia moja, mkono wako haujui mpaka ushike mkasi.

Tukio lililotugeuza hasa lilikuwa la gauni. Siku ya kujaribu mara ya mwisho alikuja amekwishaanza singo, na singo ya kwao ina manjano mengi. Alipovua, shingoni mwa gauni, kwenye bitana nyeupe ya pamba, pamebaki alama ya manjano upana wa viganja viwili. Msichana wetu kwa haraka akachukua kipande cha sabuni akasugua. Ile njano ikageuka nyekundu, nyekundu ya damu kabisa. Shangazi akapiga ukelele. Mmoja wetu akakaa chini. Bibi harusi, ambaye wiki nzima hakuwahi kutabasamu, akaanza kucheka. "Nipeni ndimu," akasema. Akaikamulia palepale, nyekundu ikarudi njano mbele ya macho yetu. Akatueleza kuwa manjano ni kiashiria kama vile vya maabara: kwenye asidi ni njano, kwenye alkali inakuwa nyekundu, na sabuni ni alkali. Haikuharibika chochote, rangi imegeuka tu. Tena akatuambia rangi hiyo haipendi jua. Tuisuuze, tuianike. Tuliianika juani siku mbili, ikafifia mpaka ukiitafuta huioni.

Mnajua tumeshatupa bitana ngapi kwa sababu ya singo? Miaka yote hiyo tunaona wekundu, tunadhani kitambaa kimeungua, tunafumua, tunakata mpya kwa pesa yetu. Na neno alkali lenyewe ni la Kiarabu, al-qaly, majivu ya mimea. Bibi zetu walifua kwa majivu. Elimu hii haijatoka mbali kiasi hicho tunachodhani.

Wenye kusema kemia haimsaidii mke nyumbani, tuwape mengine mawili, maana haya tumeyaona kwa macho.

La kwanza piko. Hina halisi haiwi nyeusi tititi kwa nusu saa. Inaanza rangi ya chungwa, na kwa siku moja au mbili inakolea mpaka hudhurungi. Ile nyeusi ya haraka tunayochorewa mikononi na miguuni ni rangi ya nywele, na ndani yake mara nyingi mna kitu kinaitwa parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Chenyewe hakina weusi. Kinapochanganywa na ile dawa yake kinapoteza elektroni, ndipo kinapogeuka cheusi, na hilo ndilo somo lao la oksidisheni la semista hiyo hiyo. Nchi za Umoja wa Ulaya zinakiruhusu kwenye rangi ya nywele tu, kisizidi asilimia 2 kinapopakwa, na kuchorea ngozi hakiruhusiwi. Ngozi ikishakikataa mara moja huwa imekikataa maisha, hata miaka baadaye ukitia rangi nywele uso unavimba. Tumewahi kumvisha bibi harusi glavu za lesi ambazo hazikuwamo kwenye oda, ili wageni wasione malengelenge. Alikaa ukumbini saa nne mikono inawaka moto, anatabasamu kwa kamera. Laiti nyumba ile ingekuwa na mtu mmoja tu aliyemaliza kemia yake.

La pili jiki na siki. Msichana wetu mmoja alitaka kutoa doa kwenye shela nyeupe, akaona moja haitoshi, akachanganya zote mbili kwenye beseni. Tulitoka dukani tunakohoa, macho yanachuruzika, na mmoja wetu mwenye pumu alimalizia jioni hospitali. Wakati ule tulijua tu kuwa ni "dawa kali". Huyu mdogo wetu ndiye aliyetueleza: klorini iliyomo kwenye jiki imetulia kwa sababu mna alkali ya kuituliza. Ukitia asidi, iwe siki au ndimu, unausukuma ule msawazo, boti zote zinaelekea upande mmoja, na upande huo ni gesi ya klorini. Tena hariri na sufu zisiguswe na jiki kabisa, inazila. Kama hujui kitambaa chako, choma uzi mmoja: hariri inanuka nywele, pamba inanuka karatasi, poliesta inayeyuka. Hilo la mwisho ni letu, alilinakili yeye kwenye daftari lake, tukajiona na sisi maprofesa.

Na kwa kuwa sisi ni mafundi, tuwaambie wanafunzi neno la mavazi. Maabara hapataki mtandio wa shifoni. Shifoni nyingi za madukani ni poliesta, na poliesta ikishika moto inayeyuka na kugandia ngozini. Vaa mtandio wa pamba, mfupi, uchomeke ndani ya koti. Mikono mipana ya buibui inafagia bureti. Njoo tukushonee mikono ya ndani yenye mpira kwenye kifundo, ni kazi ya dakika ishirini na hatutakutoza bei ya harusi. Sitara yako iko palepale na mkono wako uko salama. Na wanaouliza kuhusu Ramadhani na pipeti, jibu ni kuwa pipeti haivutwi kwa mdomo na mtu yeyote, aliyefunga wala anayekula. Kuna kipira chake.

Sasa mamaake. Tulimwita peke yake siku ya kuja kumalizia malipo, shangazi hayupo. Tulikuwa na hofu, maana ukimwambia mtu asogeze harusi ni kama unamtakia shari. Tukamwambia, bi mkubwa, mtoto ana mtihani siku nane baada ya ukumbi, na ameshaazimia kuuacha. Mama akanyamaza. Akasema, "Kaniambia ana mtihani. Hakuniambia kuwa akiukosa ni mwaka." Kumbe nyumba nzima walidhani ni kama skuli, utafanya wiki ijayo na wenzio waliokuwa wagonjwa.

Hawakuvunja kitu. Nikahi ilibaki Ijumaa ile ile, baada ya sala ya alasiri, kwa kahawa na haluwa. Nikahi yenyewe haizidi nusu saa. Kinachokula wiki mbili ni haya yetu: ukumbi, upambaji, magauni matatu, kupiga picha ufukweni. Hayo ndiyo yaliyosogezwa mpaka baada ya UE. Wenye ukumbi walikata sehemu ya pesa, na maneno yalikuwapo, hatuwezi kusema hayakuwapo. Shangazi hakutusalimia siku kadhaa. Bwana harusi, masikini, yeye alisema tu kuwa hakuna aliyemuuliza tangu mwanzo, na akampeleka mkewe chuoni kwa vespa asubuhi ya mtihani.

Kwa wale ambao bado hawajaolewa, tunaomba jambo hili mlitamke kabla ya nikahi, mbele ya walii na mume mtarajiwa, kwa maneno yanayoeleweka: nimebakiza miaka hii, na nataka kumaliza. Mwulizeni sheikh wenu namna nzuri ya kuliweka. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tutimize masharti ya ndoa kuliko masharti mengine yote, kwa hiyo si utovu wa adabu kulisema. Utovu wa adabu ni kukubali kimya kimya kisha kulia chooni ukumbi unapigwa taarabu. Nanyi mama na makungwi, mnaomfunza mwali mambo yote hadi namna ya kukunja shuka, muulizeni na hilo moja.

Na sisi wafanyabiashara wa harusi tujisemee. Tunampangia mtoto kujaribu gauni Jumanne saa nne, siku ya maabara yake, kwa sababu Jumanne sisi hatuna kazi nyingi. Wapambaji mnafanya hivyo, na wapiga picha vilevile. Saa moja ya jioni inatushinda nini?

Matokeo yalitoka. Alipata C. Si A, maana bado aliolewa Ijumaa ile na akili ya mtu ina mipaka yake, lakini amevuka, hana sapu, na mwaka wa pili ameanza na wenzake. Sherehe ya ukumbi alivaa gauni lile lile lililoanikwa juani. Shangazi alicheza kuliko wote.

Daftari letu la oda sasa lina safu mpya, baina ya kipimo cha kiuno na tarehe ya kuchukua. Kwa hiyo ukija kupimwa, njoo na viatu utakavyovaa siku hiyo, tupate urefu wa pindo, na njoo na ratiba yako ya UE.